Kufundisha Kiuno Mbeya na Iringa, na Pazia Lililonistaafisha

Nimestaafu. Wengine hulisema neno hilo kwa sauti ya mtu aliyepoteza kuku. Mimi nalisema kwa sauti ya mtu aliyetua gunia.

Miaka yote hiyo nilikuwa naamka nyumbani kwangu Ilomba, nakunywa maji ya uvuguvugu, nanyoosha mgongo mbele ya kioo cha kabati la mke wangu, halafu naenda kuwafundisha akina mama kuzungusha viuno vyao. Ndiyo kazi iliyojenga nyumba yangu. Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, kwa sababu huko mbele kuna mambo ya maana.

Nyie vijana mnaofundisha tizi siku hizi mna spika zinazowaka taa na raba za rangi tatu. Sawa. Lakini kabla yangu, kutoka Mbeya mpaka Iringa, sijasikia mwanamume aliyesimama mchana kweupe akasema, mimi nafundisha kuchezesha tumbo, na si ngoma ya harusi wala ya klabu, ni mazoezi. Kama alikuwepo, ajitokeze. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hiyo msinitafutie nukta na mkato. Nitafuteni kwenye kazi.

Nilianza nikiwa utingo wa lori. Tulikuwa tunapeleka saruji na unga Makongolosi, kule kwa wachimba dhahabu, na kushusha mzigo ni juu ya utingo. Ukiwa kijana mgongo unauona kama wa kuazima, unautumia bila huruma. Wangu ulinigomea nikiwa bado sijaoa. Nilikuwa natoka kwenye lori nimejikunja kama ndoano, nanyooka kidogo kidogo mpaka chakula kinapoa.

Tulikuwa tunakula kwa mama mmoja aliyeitwa Bi Mwanaidi. Huyu alikuwa amefanya kazi za ndani Uarabuni, akarudi akafungua mgahawa wa mabati. Mchana wateja wakipungua alikuwa anaingia uani, anafunga kanga kiunoni, anawasha redio, anacheza peke yake. Siku moja nilichungulia na ndoo mkononi, nikitafuta maji ya kunawa. Tumbo lake lilikuwa linapanda na kushuka lenyewe, kifua kimetulia, mabega yametulia, kama vile tumbo lina mwenyewe mwingine. Nikacheka.

"We utingo," akasema bila kusimama, "mgongo wako umekufa, unacheka nini?"

"Nacheka mama mzima unakata mauno mchana."

"Mama mzima anasimama kwenye jiko tangu alfajiri na haumwi kitu. Wewe mtoto wa juzi unatembea kama kizee. Nani anachekesha hapo?"

Akaniambia niweke ndoo chini, nilegeze magoti. Hilo ndilo somo langu la kwanza na nawapa nyie bure: magoti kwanza. Wengi wanakimbilia kiuno. Goti likikakamaa kiuno hakina pa kwenda. Akaniambia, "Kiuno ni bawaba. Bawaba ikishika kutu, mlango mzima unalalamika." Akanionyesha jinsi wanawake wa kule alikokuwa wanavyocheza wao kwa wao kwenye sherehe zao, bibi, binti, mjukuu, hakuna mwanamume ndani, na jinsi vibibi vizee vilivyokuwa vinanyanyuka kwenye zulia bila kushika ukuta. Alikuwa amewaangalia miaka mingi akiwa amebeba sinia za kahawa.

Kila safari ya Makongolosi nikawa naingia uani. Matingo wenzangu walinicheka mpaka wakachoka. Mgongo ukapona. Tena nikagundua kwamba nina kipaji. Sijisifu, nasema kilichokuwepo. Bi Mwanaidi mwenyewe alisema hajaona mwanamume mwenye tumbo linalosikia maagizo kama langu. Alipohamia kwa wanawe Tanga aliniachia kanga yake na kauli moja: "Usiwafundishe watu kupendeza. Wafundishe kupona na kufurahi. Kupendeza watajitafutia." Nimemzika moyoni mwangu kwa heshima zote, ingawa nasikia bado mzima.

Darasa la kwanza nililifungua Ilomba, kwenye ua wa shule ya chekechea, Jumamosi watoto wakiwa kwao. Nilibandika karatasi kwenye nguzo: MAZOEZI YA TUMBO NA KIUNO, KUPUNGUA NI LAZIMA. Wakaja wawili. Mmoja alikuwa muuza vitumbua ambaye daktari alimwambia presha imepanda. Wa pili alikuwa jirani yake aliyekuja kumlinda.

Nikasimama mbele yao, nimewakabili, nikaanza kuonyesha. Wakaangalia chini. Nikaongeza bidii, wakazidi kuangalia chini. Muuza vitumbua akawa anasoma kandambili zake kama gazeti. Nikajua hapa nimeshakosa. Mama wa huku kwetu hawezi kumtazama mwanamume usoni huku anakata kiuno. Haya inamfunga kuanzia shingoni mpaka nyayo. Basi nikageuka, nikawapa mgongo, nikasema, "Mimi sioni kitu. Fuateni tu." Nikasikia kandambili zinasogea. Yule mlinzi ndiye aliyeanza.

Tangu siku hiyo nilifundisha kwa mgongo, miaka yote. Ndiyo ulikuwa mtindo wangu na watu wameuiga. Wanafunzi wanaona mgongo wangu, mimi naona ukuta. Sikuwahi kuweka kioo. Kumbukeni hilo la kutoona.

Kifaa changu kingine kilikuwa mkanda wa vizibo. Waarabu wanafunga mkanda wenye sarafu zinazolia. Sisi sarafu za kuchezea hatuna, tuna vizibo vya soda. Unakigonga bapa, unatoboa kwa msumari, unashona kwenye kitenge kwa uzi wa kushonea viatu, uzi mwingine hautoshi. Mama akishafunga ule mkanda akatikisa mara moja, akasikia kiuno chake kinatoa sauti, anasahau haya. Anakuwa mtoto mwenye njuga. Kuna mama alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mkali, watoto walikuwa wanamkimbia sokoni. Siku ya kwanza alifungua mdomo akasema, "Aa, kumbe nalia!" akacheka mpaka akakaa chini.

Waume walisumbua mwanzoni. Dawa yake ni kuwaita. Mzee mmoja wa Kisafwa, mume wa mwanafunzi wangu, alikuja na mwavuli wakati hakuna mvua wala jua. Akakaa kwenye kiti cha chekechea, magoti yamefika kidevuni, mwavuli katikati ya miguu, akatuangalia kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kukohoa. Tulipomaliza akanifuata.

"Ticha."

"Naam mzee."

"Hili la kuvuta kitovu kwenda ndani. Linafaa kwa mwanamume mwenye ngiri?"

"Ulishafanyiwa operesheni?"

"Nilifanyiwa."

"Daktari akikuruhusu, linafaa, polepole. Asipokuruhusu usijaribu."

Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Wiki iliyofuata mkewe akaniambia mzee amefunga mlango wa chumbani, anafanya mazoezi na mwavuli wake. Na hilo liandikeni: mtu mwenye kidonda cha operesheni, mjamzito, mwenye presha isiyotulia, mwulize kabla hajaanza. Kiuno kinafurahisha ndiyo, lakini mtu haji kwako kufia furaha.

Kesi ngumu nilizipata. Alikuja mama wa Kisukuma kutoka bonde la Usangu, familia yao walihamia na ng'ombe kutoka kaskazini. Mwili wa chuma. Nikimwambia zungusha nyonga anaruka. Nikimwambia tuliza mabega, mabega ndiyo yanaanza kucheza. Nilihangaika naye mpaka nikamwambia, mama, cheza ngoma yenu nione. Akacheza, vumbi likapanda. Nikaona nguvu yote inaanzia begani. Basi nikamfundisha kinyume: begani, kifuani, tumboni, nyonga mwisho kabisa, kama maji yanayoshuka. Akaipata. Watu wa huku kila mmoja ana ngoma yake mwilini, ukiipuuza utamwita mgumu wakati wewe ndiye mvivu.

Iringa nilikwenda kwa sababu Mbeya ilinitosha. Watu walinikatisha tamaa. Walisema Iringa ni watu wa kanisa, Walutheri na Wakatoliki, baridi kali, masweta, hawatakuja. Nikapanga ukumbi nyuma ya mashine ya kusaga. Wakaja, lakini wamevaa masweta kweli, wamesimama kama wanasubiri kuhesabiwa. Nikawaza. Nikawauliza, nani yuko kwaya? Mikono ikapanda karibu yote. Nikasema chezeni hatua ya kwaya, ile ya kuingia kanisani, kushoto, kulia. Wakacheza. Nikasema sasa goti lilegee kidogo. Likalegea. Nikasema nyonga ifuate goti. Ikafuata. Kabla hawajajua, walikuwa wanacheza ya Uarabuni wakidhani wako kwaya. Hapo ndipo nilipojiita profesa, na mpaka leo sijaona wa kunivua cheo.

Kati ya hao kulikuwa na mama mmoja, mkulima wa vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, mgongo umepinda kwa kuinama shambani, amehamia Iringa mjini kwa binti yake. Binti alikuwa anamleta na kumsubiri mlangoni. Binti mwenyewe aliitwa Faraja. Mlangoni hakukaa sana. Mara ya pili alikuwa ndani, na haikuchukua muda nikamwita asimame mbele, ubavuni kwangu, kwa sababu akiwa nyuma wenzake walikuwa wanageuka kumwangalia. Nikamfanya msaidizi. Nikienda Mbeya anashika darasa la Iringa. Alikuwa ameacha kibarua cha dukani kwa ajili ya kazi hii, na mama yake mgonjwa alikuwa anakula kwa kazi hii. Alikuwa ananiita Ticha mbele za watu, na baba tukiwa tunafungasha spika.

Ile spika ndiyo iliyoleta mambo. Iliharibika, nikamtuma mwanangu Lusajo, fundi umeme, aje aitengeneze. Alitoka Mbeya kuja kutengeneza waya mmoja akakaa Iringa siku nzima. Baadaye spika ikawa inaharibika kila mara. Mimi si mjinga, najua spika yangu. Nikanyamaza nikifurahi.

Mshenga akaenda, mahari ikapokelewa, wazee wakala. Nikarudi Ilomba nimenyoosha shingo. Ndipo akaja dada yangu Sekela.

Hapa niwaeleze wasiotoka kwetu. Sisi Wanyakyusa, tangu zamani, mkamwana, yaani mke wa mwanao, na baba mkwe hawaangaliani. Akisikia sauti yako anapisha njia. Wewe ukimwona anakuja unageuza uso. Jina lako halitamki. Si chuki, ni heshima. Siku hizi ukali umepungua, wapo wanaokaa sebule moja na wakamwana zao na dunia haijaanguka. Lakini katika ukoo wetu yupo Sekela. Alifika kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi, hakuuweka chini vizuri.

"Kaka, nasikia mkamwana anafanya kazi kwako."

"Ndiyo. Mwalimu mzuri sana, nimemtengeneza mwenyewe."

"Kazi gani?"

"Si unaijua."

"Naijua. Nataka uitamke."

Nikakohoa. "Mazoezi ya kiuno."

"Wewe unasimama wapi?"

"Mbele. Nawapa mgongo, simwoni mtu."

"Na yeye anasimama wapi?"

"Pembeni yangu."

"Anaangalia nini?"

Nikaangalia mkungu wa ndizi.

"Nakuuliza, kaka. Mkamwana anaangalia nini?"

Mke wangu, Mama Lusajo, akajibu kutoka jikoni, "Anaangalia nyonga za baba mkwe wake, wifi. Karibu chai."

Sekela akaita jina la Yesu, halafu akasema hatahudhuria harusi, na yeye asipohudhuria mashangazi wote hawahudhurii. Binti aache kazi kabla ya ndoa. Nikamwambia mambo hayo yamepitwa na wakati. Akaniambia, "Yamepitwa? Haya. Simama hapa mbele yangu, umwite mkamwana aje, ukate kiuno anakutazama. Ukiweza, mimi nitapiga vigelegele." Nikajaribu kuwaza picha hiyo sebuleni kwangu. Nilishindwa, jamani. Kumbe mila haikai kwa shangazi tu. Ilikuwa tumboni mwangu mwenyewe, kule kule ninakotafutia mkate.

Nikaenda Iringa kuzungumza na Faraja. Alikuwa amekwishaambiwa na Lusajo. Alisimama nje ya mlango, mimi ndani, na wote tukaangalia mashine ya kusaga.

"Baba," akasema, "ukiniambia nimwache Lusajo nitalia. Ukiniambia niache darasa nitaugua, na mama ataugua zaidi. Kwa hiyo naomba usiniambie kitu kwanza."

Sasa oneni nilivyokwama. Akibaki, ndoa ina doa kwa ukoo mzima, na mwanangu ananiangalia mimi. Akiondoka, anarudi dukani kumpimia mtu sukari, na kazi yote niliyoiweka kwake imepotea bure. Kuondoka mimi sikukuwaza hata kidogo. Niliamini kabisa kwamba nikitoka darasa linakufa. Nani ataongoza? Wale akina mama walikuja kwa jina langu, karatasi ukutani ina picha yangu, na hata siku nilizokuwa Mbeya nilidhani wanavumilia tu mpaka nirudi.

Basi nikabuni pazia. Msicheke. Nilichukua shuka mbili za maua za mke wangu, nikaziunganisha, Lusajo akafunga waya ukutani mpaka ukutani. Mimi na spika nyuma ya pazia, Faraja na wanafunzi upande wa pili. Nitahesabu na kuelekeza kwa sauti, nikicheza huku huku, hakuna wa kumwona mwenzake, mila imetimia na kazi inaendelea. Nilijiona nimezidi hata wazee.

Siku ya kwanza ya pazia nikaanza, "Magoti yalegee! Moja, mbili!" Upande wa pili nikasikia vicheko vinabanwa. Mama mmoja wa kwaya, Mama Kihwele, mwenye maneno kuliko wote, akapaza sauti.

"Ticha! Huko nyuma unacheza kweli au umekaa?"

"Nacheza!"

"Tutajuaje?"

"Amini, mama!"

"Hata Tomaso aliruhusiwa kugusa, Ticha!"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Tukaendelea hivyo hivyo. Kikapita kipindi, na kingine. Nilikuwa natoka jasho nyuma ya shuka kama mtu anayeogea chumbani, napiga kelele mpaka koo linakauka, na moyoni nina jiwe, kwa sababu Sekela aliposikia habari za pazia alisema shuka si ukuta.

Halafu ikafika siku ya vumbi. Mashine ya kusaga ilikuwa inafanya kazi, unga unaingia kwa dirisha la upande wangu. Nikakohoa nikashindwa hata kuhesabu. Muziki unaendelea. Nikaona nitoke kidogo kwa mlango wa nyuma nivute hewa. Nje kuna mama anauza chai na maandazi. Nikakaa kwenye benchi nipate chai ya tangawizi ya koo. Chai ya moto hainyweki haraka. Akaja mzee mmoja tukasalimiana, akaniuliza bei ya viazi Mbeya, nami ni mtu wa kujibu nikiulizwa. Nilipokumbuka darasa nilishtuka, nikarudi mbio nikijua nitakuta watu wamekaa chini wananisubiri.

Muziki ulikuwa umefika wa polepole, ule wa kupoza mwili. Nikasikia pumzi za akina mama zinatoka pamoja, mkupuo mmoja. Nikasikia vizibo vinanyamaza pamoja. Faraja akasema kwa sauti ndogo, "Vuta, shikilia, achia," na wote wakaachia. Hakuna aliyekuwa ameacha kucheza. Hakuna aliyekuwa ameniulizia.

Walipokuwa wanatoka, Mama Kihwele akapita karibu na pazia, akaligonga kwa kidole.

"Ticha, leo umefundisha vizuri. Hukupiga kelele sana."

Nilikaa juu ya spika. Kwanza niliona hasira, sitawadanganya. Mimi! Mtu aliyetoa tumbo Makongolosi akalileta mjini! Nikaanza kuwaza kurudi nyuma, miezi, miaka. Nimewapa mgongo watu hawa siku zote, naangalia ukuta. Nilijuaje walikuwa wanaangalia nani? Kwa kuwa Faraja amesimama pembeni yangu, ni mwanamke mwenzao, nyonga zake ni nyonga zao. Nani mwenye akili angefuata za kwangu?

Halafu, nikiwa pale pale juu ya spika, hasira ikaondoka na kitu kingine kikaja, polepole, kama mgongo unaponyooka baada ya kushusha saruji. Nilikuwa nimebeba jengo miezi yote hiyo nikidhani nikitoka litaanguka, na litamwangukia binti wa watu na mwanangu. Kumbe jengo lina nguzo zake. Nilitaka kucheka, nikacheka. Mama wa chai alichungulia akaniuliza kama ni mzima. Nikamwambia, "Mama, leo ndiyo mzima."

Lusajo alikuja kunichukua. Nikamwambia ashushe pazia.

"Baba, tumeshindwa?"

"Shusha pazia, mwanangu, shuka za mama yako. Mimi nimestaafu. Darasa la Iringa ni la mkeo, na la Mbeya achague mtu wa kumsaidia."

"Umestaafu lini?"

"Wakati nakunywa chai."

Akanitazama kama fundi anavyotazama waya asioujua, halafu akashusha shuka haraka sana, asije akanipa muda wa kubadili mawazo. Sekela nilimpigia simu jioni ile. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa vita akakosa adui. Akasema, "Ndaga, kaka. Ndaga fijo," kwamba anashukuru sana, halafu akauliza sare ya mashangazi ni rangi gani. Kwenye harusi alicheza kuliko maharusi. Anakata kiuno vibaya, goti limekakamaa, lakini nilinyamaza.

Nimemaliza kazi bila kuaibika na bila kumharibia mtu. Si wengi wanaoweza kusema hivyo. Asubuhi naamka kwa hiari yangu. Watu wa Ilomba wanadhani nina huzuni, wananipa pole barabarani, nami napokea, pole haijazi begi.

Wiki iliyopita mwanangu alikuja na mkewe kutusalimia. Faraja alipita uani moja kwa moja jikoni kwa mama mkwe wake, kama inavyotakiwa. Mimi nikiwa sebuleni. Kati yetu ukuta. Kusemeshana kwa mbali tumejiruhusu, Sekela anajua na amefumba jicho moja.

"Shikamoo baba," sauti ikaja.

"Marahaba. Darasa?"

"Zuri. Baba, nina kesi. Nimepata mama, amewekewa chuma kwenye nyonga. Daktari amemruhusu, anataka acheze. Lakini anaogopa ule mguu, hauwekei uzito kabisa. Nimwanzie wapi?"

Nikasimama kumwonyesha. Nilishakunja goti, nimeshika ukuta, nimeinua upande mmoja wa nyonga vizuri kabisa, kabla sijakumbuka kwamba hakuna anayeniona. Nikajiangalia nilivyosimama peke yangu katikati ya makochi. Nikakaa. Maisha yangu yote ya kazi nilionyesha, sikuwahi kueleza. Sasa natakiwa niitoe nyonga kwa mdomo.

"Kaa naye kwenye kiti," nikasema. "Kiti kigumu, kisicho na mto. Asicheze. Ahamishe tu uzito wa makalio, kushoto, kulia, mpaka upande wa chuma uzoee kukaliwa. Umenipata?"

"Nimekupata."

"Akizoea, asimame ameshika mgongo wa kiti. Mguu mzima ubebe. Ule wa chuma agonge kisigino tu, kama anabisha hodi kwa mtu mwenye usingizi. Nyonga isiulizwe. Kisigino kikibisha vizuri, nyonga itafungua yenyewe."

Nikadhani sijaeleweka. Nikaanza kutafuta maneno mengine, na maneno kwangu ni kama mzigo wa mtu mwingine.

"Baba," akasema, "haya mambo mbona hujawahi kuyasema?"

"Hukuwahi kuwa nyuma ya ukuta."

"Basi yaseme yote. Yaandike. Wapo na wenzangu wanaofundisha, wanayahitaji."

Ndiyo haya niliyoandika. Mengine nitayakumbuka mkikwama mkaniuliza.

Halafu nikasikia kisigino kinagonga sakafu ya jikoni. Kikanyamaza. Kikagonga tena. Mke wangu akasema, "Wewe mtoto, angalia sufuria," lakini hakikuacha. Alikuwa anaharakisha kidogo, hodi mbili mahali pa moja. Nilifungua mdomo nimrekebishe. Nikaufunga. Ataipata.